Nembo Alizoshona Firdausi

Firdausi alizaliwa Mzenga, Kisarawe, akajifunzia kazi ya mikoba kwenye karakana moja ya ngozi Dar es Salaam, na alipoachika akahamia Mlandizi na cherehani yake. Kwa miaka tisa alikaa kwenye kibaraza cha duka la mbolea akitengeneza zipu na mikanda. Aliogopa ugomvi tangu utotoni. Ukimpandishia sauti tu, anakubali yaishe.

Kazi nyingi aliletewa na Castory, mwenye duka la mikoba kule Maili Moja, Kibaha. Huyu alikuwa mtanashati mwenye mdomo mtamu, aliyewauzia wafanyakazi wa maofisini mikoba ya majina makubwa huku akiwaapia kwamba imetoka Ulaya. Siku moja alimletea mikoba arobaini isiyo na nembo, na nembo zenyewe kwenye bahasha.

"Zimebanduka njiani, dada Firdausi. Zirudishie tu."

Nembo arobaini hazibanduki zote kwa safari moja. Ile inayoitwa ngozi ilinuka plastiki. Bitana ilikuwa imebandikwa kwa gundi badala ya kushonwa, na vyuma vilikuwa vyepesi kama vizibo vya soda. Firdausi aliyaona yote hayo, akainama, akashona.

Wiki chache baadaye akaja Elinipa, karani wa ofisi moja pale Kibaha, na mkoba mwekundu uliong'oka zipu.

"Hata mwezi haujaisha, dada. Nimeambiwa ni orijino. Wewe ndiye fundi, hebu niambie ukweli."

Firdausi akaugeuza ndani nje. Macho yakatua kwenye nembo: mshono wa njia mbili, na fundo dogo upande wa kushoto. Fundo lile lilikuwa lake. Hakumjua fundi mwingine Mlandizi aliyefunga vile.

"Sijui, dada," akasema bila kuinua uso. "Mimi ni wa zipu tu."

Akautia zipu mpya, Elinipa akaenda zake. Tangu siku ile Firdausi hakula akashiba. Kila mwanamke aliyepita na mkoba mzuri, alimtazama kwapani kwanza, kisha usoni.

Halafu muuza mbolea akaja na habari kwamba maofisa wa bidhaa bandia wameingia Kibaha, wanapita duka kwa duka. Siku hiyohiyo, saa sita mchana, gari la Castory likasimama mbele ya kibaraza. Akashusha magunia mawili, akayasukumia chini ya meza ya cherehani.

"Yapeleke kwa mama yako Mzenga. Nani atatafuta mikoba kwenye mihogo?"

"Hapana, bosi. Mama yangu ni mtu mzima, usimwingize."

Castory akamwinamia, sauti chini. "Wakiniuliza nani kashona nembo, nitawaonyesha mkono wa nani? Kesho asubuhi nikute umeshayasafirisha."

Gari likaondoka. Firdausi akayafunika magunia kwa khanga, akakaa mbele yake kama anayelinda maiti. Mwanamume mmoja mwenye shati jeupe akasimama kuuliza njia ya zahanati; Firdausi nusura alie. Akampigia mama yake, bila kujua atamwambia nini.

"Mwanangu, mbona unahema hivyo?"

"Nimepanda ngazi, mama."

Mlandizi nzima hakukuwa na ngazi ya kupanda. Akakata simu. Akilini akamwona mama yake uani, mbele ya watu asiowajua, akijibu maswali juu ya mali asiyoijua hata jina. Castory alimtisha, lakini hilo lilimtisha zaidi.

Akasimamisha bajaji, wakapakia magunia.

"Stendi?" dereva akauliza.

"Ofisi ya kata."

Mtendaji wa kata, mzee Mwishehe, alikuwa anakunywa chai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unatetemeka? Kaa kwanza."

Hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, akaanza na lake. "Nembo nimeshona mimi. Na nilijua."

Mwishehe akaisogeza chai pembeni, akachukua kalamu, kisha akawapigia simu wale maofisa. Firdausi aliwasubiri kwenye benchi kwa saa tatu. Mara moja alinyanyuka akafika hadi barabarani. Kisha akarudi.

Ofisa aliyekuja aliitwa Yasmin. Alitoa mkoba mmoja kwenye gunia. "Umejuaje kwamba ni feki?"

Firdausi akauchukua. Akaonyesha uzi unaochambuka, kingo zilizopakwa rangi kuficha plastiki, herufi za nembo zilizopishana ukubwa. Alipoikunja ile ngozi ikapasuka nyufa ndogondogo. Kwa dakika hizo chache sauti yake haikutetemeka. Ilianza tena alipopewa karatasi ya kusaini.

"Mtaniita kama shahidi au kama mshtakiwa?"

"Sijui bado, dada. Itategemea."

Hakupata usingizi wa maana kwa wiki tatu. Mwishowe aliitwa, akaonywa vikali, akaandikwa shahidi. Duka la Castory lilifungwa, naye akapewa dhamana. Tangu hapo amepita mara mbili mbele ya kibaraza, taratibu, kioo kimeshushwa, bila salamu. Kazi imepungua nusu.

Kwa Elinipa, Firdausi alikwenda mwenyewe, hadi ofisini kwake.

"Ulinidanganya usoni," Elinipa alisema.

"Nilikudanganya. Niliogopa."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa."

Elinipa hakumsamehe siku ile. Lakini mwezi uliofuata alimtuma mfanyakazi mwenzake, Nuria, na mkoba aliokuwa ameazimwa na muuzaji aukague kabla hajaununua. Firdausi akafungua zipu, akanusa, akapitisha kidole kwenye bitana. Akatupa jicho barabarani, huku na huku.

"Usiununue," akasema.

"Nikimrudishia nimwambie nani kaniambia?"

Firdausi akamrudishia mkoba. "Mwambie fundi wa Mlandizi."