Mirunda ya Ikulu Isiyokwisha

Siku mnunuzi wa mbao kuukuu alipofika mara ya kwanza kwenye ikulu ile isiyokwisha, alifunguliwa lango na msichana wa miaka kumi na mitatu.

"Mwenye nyumba yupo?" alitania.

"Alipinduliwa kabla sijazaliwa. Sema shida yako."

Watu walimwita Binti Ikulu. Babake alikuwa mlinzi ambaye hakuna aliyekumbuka kumwachisha kazi, na mamake alimzaa katika chumba cha kulala cha rais, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa na mlango. Alijifunza kutembea kwa kushika nondo zilizochomoza sakafuni.

Mnunuzi alikuwa ameshapiga jicho ukumbini. Mirunda arobaini, nguzo za mti mgumu, ilikuwa bado imetegemeza dari tangu mafundi walipokimbia.

"Mbao za uani chukua zote," binti alisema. "Hii, hapana. Dari inadondosha mchanga. Mvua ikinyesha, naisikia dari ikiguna."

"Zege la miaka kumi na mitano, mwanangu! Hilo sasa ni jiwe."

"Lilimwagwa kwa siku moja, rais alikuwa anakuja kukagua. Mama ndiye aliyewapikia mafundi. Saruji iliishia ukutani. Darini walipandisha mchanga na dua."

Mnunuzi akamwendea baba, na baba akauza. Angekubalije kufundishwa zege na mtoto aliyemzaa mwenyewe?

Asubuhi ya kung'oa mirunda, Binti Ikulu alimtoa mama nje, yeye na magodoro na sufuria. Vibarua wa mnunuzi wakacheka: "Rais anahama!" Baba akaenda kusimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni.

"Njoo uone, mwoga wewe!"

Mrunda wa kwanza, kimya. Wa tisa, kimya. Wa kumi na mmoja ulipotoka, mchanga ukammwagikia baba begani, mwembamba, bila kukatika. Binti aliingia mbio, akamkwida shati, akamburuta. Mnunuzi alipoona mtoto yule anavyokimbia, naye akatimua, vibarua nyuma yake.

Dari ikashuka yote, na ukuta wa chumba chao ukaifuata.

Hakufa mtu. Lakini vumbi lilionekana mjini, na wakubwa wakakumbuka kuwa wana jengo. Wiki haikuisha, familia ikafukuzwa. Baba hakumshukuru bintiye, wala hakutaja zege tena.

Mnunuzi aliambulia mirunda kumi na mmoja. Alirudi kumwomba binti amkagulie majengo kabla hajayanunua.

"Kwanza mpangie mama chumba," binti akasema. "Nitakichagua mwenyewe."

Akamkatalia vyumba vinne. Cha tano mnunuzi akakilipia kodi.