Jogoo wa Musanda na Kompyuta ya Nasambu

Hii nitakayowasimulia hamtaiamini, na sitawabembeleza. Hata mke wangu hakuiamini, na yeye ndiye aliyeniamini nilipomposa nikamwambia nina shamba kubwa. Lakini niliiona kwa macho haya, mwaka wa tisini na nane, pale Lurambi, nikiwa nimekwenda kumsalimia mpwa wangu Nasambu. Kwa bahati tu ilikuwa saa ya chakula.

Mimi ni khotsa wake, yaani ndugu ya mama yake, mtu wa Malinya. Masomo yangu yaliishia darasa la sita kwa sababu walimu hawakuwa na la kuniongezea. Nasambu alisoma hata akapitiliza, akaajiriwa kufundisha kompyuta katika chuo cha Bwana Shikanga, chumba kimoja nyuma ya duka la misumari. Huyo msichana ana hasira tangu tumboni. Akipiga chafya, majirani huomba msamaha.

Siku hiyo alikuwa na sababu. Kazi za wanafunzi wake zilitakiwa kwa watahini Ijumaa, zikiwa zimechapwa kwenye karatasi. Ambaye kazi yake haikufika hapati cheti. Na zote zilikuwa ndani ya mashine moja. Disketi? Mvua za kwetu zilikuwa zimeziotesha ukungu kama mkate wa juzi. Basi ilibaki kuiwekea mashine programu ya kuendesha printa mpya, na Nasambu alikuwa katikati ya kuiingiza, mimi nimeketi pembeni na sahani ya obusuma, ugali wa kwetu.

Hapo akaingia Mzee Makhanu wa Musanda, mkulima wa miwa, baba ya mwanafunzi mmoja aitwaye Sylvia. Kwetu mtu haendi kumshukuru mwalimu wa mtoto wake mikono mitupu. Alileta jogoo mwekundu, mrefu, mwenye macho ya chifu. Nasambu akampokea kwa mikono miwili, akamsindikiza mzee nje kama adabu inavyotaka. Shikanga akamtwaa yule jogoo kwa furaha, ungedhani ni yeye aliyefundisha. Akamfunga mguu kwa kamba, kamba akaifunga kwenye waya mnene wa stima chini ya meza, eti asiibiwe.

"Bwana Shikanga," nikasema, "kuku unamfunga kwa stima?"

"Mzee, wewe kula obusuma yako."

Nikala.

Nje jogoo wa jirani akawika. Sasa, huyu wa Musanda alikuwa kama fahali wetu wa mapigano kule Malinya: hawezi kusikia mwenzake akitamba, anyamaze. Akaruka. Waya ukang'oka ukutani. Kioo kikawa cheusi.

Nasambu alirudi, akachomeka waya, mashine ikawaka. Kazi za wanafunzi zilikuwemo. Lakini programu ya printa ilikuwa nusu ndani, nusu nje, na mashine ikakataa katakata kuimalizia. Alinieleza hivi: ndani mna orodha ya kila programu iliyoingizwa, nayo ni kama karani wa stoo anayejua kila gunia. Stima ilikatika karani akiwa anaandika, orodha ikageuka takataka. Sasa karani ana wazimu. Hapokei gunia wala hatoi.

Shikanga akaja juu. "Umeniharibia mashine!"

"Mimi? Nani alifunga jogoo kwenye waya?"

"Jogoo hajui kompyuta. Wewe ndiye umeajiriwa kujua. Futa kila kitu, tuanze upya."

"Nikifuta, kazi za watoto wa watu zimekwenda."

"Si watarudia mwaka ujao?"

Jamani! Nilirudisha tonge sahanini kwa hasira. Watu wanakata miwa hadi viganja vinapasuka ili mtoto asome, na huyu anasema mwaka ujao, huku amemkumbatia jogoo wao kifuani!

Nasambu akavuta kiti, akakaa mbele ya mashine, mgongo kwa tajiri wake. "Hakuna wa kuifuta hii. Anayetaka kuifuta anifute mimi kwanza."

"Mimi ndiye mwenye chuo!"

"Na mimi ndiye mwenye kazi za watoto. Khotsa, simama mlangoni."

Nikaenda mlangoni.

Akapiga vibonye kama anayeponda karanga. Kumbe ile mashine ina akili ya bibi kizee: kila ikiandika orodha mpya, ile ya kabla huiweka kando kwa jina lingine. Akaitafuta, akaikuta. Akaisoma kutoka juu mpaka chini, midomo imebana, na ilikuwa nzima, ya kabla ya jogoo. Orodha mbovu hakuitupa, aliisogeza pembeni. Ile nzima akainakili mahali pake. Karani akapata fahamu. Gunia la printa tu ndilo hakulikumbuka, basi Nasambu akaliingiza tena tangu mwanzo, huku Shikanga akinguruma nyuma yake.

"Tafuta kazi kwingine!"

"Nitatafuta. Jumamosi. Leo toka hapo, unaniziba mwanga."

Printa ikakohoa, ikatema karatasi. Ya Sylvia ilitangulia. Nasambu hakutabasamu hata kidogo. Alichapa zote, akazifunga kwenye bahasha, na Ijumaa alizipeleka mwenyewe mpaka mikononi mwa watahini, kwa sababu, alisema, Shikanga angeweza kuifunga hata bahasha kwenye kuku. Lakini siku ile ile, kabla ya kutoka, akamnyang'anya Shikanga jogoo. "Huyu aliletewa mwalimu. Na mwalimu hali meza moja na mtu wa kufuta."

Shikanga akanyoosha mkono amchukue tena jogoo. Ndipo mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni kama fahali, nikamshika kola, nikamnyanyua kwa mkono mmoja mpaka kichwa kikagonga mabati, miguu inaning'inia, nikamwambia kwa Kiingereza cha—

"Khotsa." Ni Nasambu, kumbe yuko nyuma ya bega langu anasoma haya ninayoandika. "Hukuwa mlangoni. Ulikuwa nyuma ya mlango. Na sahani ulikuwa nayo."