Barua Zilizokaliwa

Hilaria alikuwa mzito wa kushika majina ya wagonjwa, lakini ukimkosea alikumbuka siku, saa na nguo uliyovaa. Nimefanya naye kazi miaka ishirini na moja katika hospitali moja ya Sumbawanga ambayo sitaitaja, yeye muuguzi, mimi Leonidas, karani wa masjala. Sijaona mtu wa kisasi kama yule, na mara nyingi nilikuwa upande wake.

Alizaliwa Mpui, kwa wakulima wa mahindi na ulezi, Wakatoliki wa kusali rozari kila jioni. Alikuja kwetu na cheti cha uuguzi na viatu vyeupe jozi moja, ambavyo alivipaka chokaa vilipochakaa. Alipenda wodi, ila alipenda zaidi kupanga mambo. Akiingia zamu, kabla ya saa moja kupita kila kitanda kilikuwa na mtu wake na kila muuguzi alijua anachofanya. Madaktari walianza kusema huyu apelekwe akasomee uongozi. Bahati mbaya walisema hivyo mbele ya Metroni Monika.

Monika ndiye aliyekuwa mkuu wa wauguzi. Cheti chake kilikuwa cha zamani na hakuwa na kingine. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kanisani, na aliniita "wewe wa mihuri" miaka yote kana kwamba mama yangu hakunipa jina.

Mwaka 1993 serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi. Majina yalibandikwa ubaoni, watu wakasoma na kwenda nyumbani kulima, wengine wakafungua vibanda vya dawa na mitumba huko Kizwite. Kila mtu alitafuta karatasi ya kumlinda. Hilaria aliomba chuo Dar es Salaam, shahada ya uuguzi yenye masomo ya uongozi na utawala wa hospitali. Sasa, utaratibu wetu ni kwamba mtumishi haandikii chuo wala chuo hakimwandikii moja kwa moja. Juu ya barua huandikwa K.K., yaani kupitia kwa mkuu wako. Barua inafika masjala, karani anagonga muhuri wa tarehe, anaipeleka kwa mkuu, mkuu anaidhinisha. Mkuu akiamua kuikalia, imekaliwa.

Barua ya Hilaria ilifika tarehe 12 Julai. Amepokelewa, aripoti chuoni tarehe 6 Septemba. Niligonga muhuri, nikaipeleka kwa Monika mwenyewe. Akaisoma mara mbili.

"Iache hapa," akasema.

"Nimwite Hilaria, Metroni?"

"Wewe wa mihuri, nimesema iache."

Nikaiacha. Wakati ule nilikuwa na watoto wanne na jina langu halikuwa limebandikwa ubaoni. Septemba ikaja ikapita, na kila Hilaria alipopita dirishani kwangu kuuliza kama kuna chochote kutoka Dar, nilisema hakuna.

Desemba Monika alikwenda likizo, Hilaria akakaimu. Alifungua droo ya meza akitafuta funguo za kabati la dawa, akaikuta barua yake chini ya kalenda. Alikuja nayo dirishani.

"Mzee Leonidas, huu muhuri ni wako?"

"Ni wangu."

"Na miezi yote hii ulikuwa unaniambia hakuna?"

Nilitamani ardhi inimeze. Hakunitukana. Aliikunja, akaitia kwenye nailoni, akaiweka katikati ya kitabu chake cha sala, na kuanzia siku hiyo nilimwona akisali huku ameishika. Sidhani kama alikuwa anaomba amani.

Mwaka 1995 aliomba tena, na safari hii alimwendea mganga mkuu mpya wa hospitali ofisini kwake na kusimama mbele yake mpaka akatia sahihi. Alipoondoka alipita kwa Monika, akamwambia kwa adabu zote, "Shikamoo Metroni. Nakwenda kusomea kazi yako."

Miaka minne. Akarudi na shahada, amenenepa kidogo, na daftari lenye maneno ya wakubwa: mipango, usimamizi, uwajibikaji. Mwaka huohuo wa 1999 akapewa umetroni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumhamishia Monika stoo ya shuka. Mwanamke aliyekuwa akipita wodini watu wanasimama, sasa alihesabu mablanketi na foronya, na kila Ijumaa Hilaria alikwenda kuhesabu upya mbele yake. Nilikuwa nachungulia, nikifurahi kama mtoto.

Kitu cha pili kilikuwa ripoti ya asubuhi. Zamani muuguzi wa zamu iliyopita aliripoti kwa mdomo na kwenda zake. Hilaria alileta sheria ya chuoni: wote wakusanyike, kila wodi isome kutoka kwenye kitabu, nani kapokelewa lini, hali yake, huduma iliyotolewa. Kisha metroni anauliza, "Kuna swali?" Swali lolote, liwe la nesi mkuu au mwanafunzi, lazima lijibiwe palepale, jibu liandikwe kitabuni, na mhusika atie sahihi. Masjala nayo ilihudhuria na rejista ya barua, maana aliapa hakuna barua itakayopotea tena. Wauguzi walinung'unika mwanzoni, lakini vifo vya uzembe vilipungua, lazima niseme.

Monika alikuwa na binti, Adela, muuguzi wa wodi ya watoto. Msichana mwerevu, mkimya, asiyejichanganya na ugomvi wa wakubwa. Mwaka 2002 Adela aliomba kozi ileile, chuo kilekile. Barua ikaja, K.K. Metroni. Amepokelewa, mwisho wa kuripoti ni tarehe 28 Septemba, asiporipoti nafasi inapewa mwingine. Niligonga muhuri wa tarehe 3 Septemba, nikaipeleka.

Hilaria aliisoma. Kisha akafungua droo, ileile.

"Iache hapa," akasema, na hakunitazama.

Siku zikaenda. Tarehe 10. Tarehe 15. Adela akaja dirishani kuuliza, na mimi, mzee mzima, nikasema hakuna. Nilijisikia vibaya, lakini upande mwingine wa moyo ulisema acha Monika aonje. Tarehe 23 rafiki wa Adela aliyepata nafasi pamoja naye alipiga simu kutoka Dar akiuliza mbona haonekani. Hapo Monika akaelewa mara moja. Nani angeelewa haraka kuliko yeye?

Alikuja ofisini kwa Hilaria mchana. Mlango ulikuwa wazi na nilikuwa nimesimama na mafaili. Alichuchumaa sakafuni, magoti yakilia, akapiga makofi polepole kama tunavyosalimia wakubwa huku Ufipa, yeye mwenye miaka hamsini na minane mbele ya mtu mdogo wake kwa miaka kumi na mitano.

"Mama, niadhibu mimi. Mtoto hajakukosea."

"Nitajie sababu," Hilaria akasema.

"Unaijua."

"Naijua mimi. Wenzangu hawaijui. Kesho utaisoma kwenye ripoti ya asubuhi, kama tunavyosoma wagonjwa. Ukimaliza nitatia sahihi."

Kesho yake, tarehe 24, ukumbi ulijaa. Wodi zikasoma. Kisha Monika akasimama na karatasi, ile sauti ya kanisani imekauka.

"Tarehe kumi na mbili Julai, mwaka tisini na tatu. Ilipokelewa barua ya Muuguzi Hilaria ya kwenda masomoni. Hali yake wakati wa kupokelewa, nzuri. Huduma iliyotolewa, hakuna. Niliifungia kwenye droo mpaka muda ukapita. Niliogopa atarudi na elimu, nipunguzwe mimi."

Hilaria alikuwa ameshika kitabu chake cha sala, na uso wake uling'aa kwa raha ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya mahafali yake kwenye picha. Alisubiri miaka tisa kuisikia sentensi ile, na aliiacha ikae hewani vya kutosha. Sitasema uongo, na mimi nilifurahi. Ndipo, kwa mazoea tu, akasema neno lake la kila asubuhi.

"Kuna swali?"

Adela akasimama nyuma.

"Lipo, Metroni. Barua yangu ilipokelewa lini?"

Raha ikamtoka Hilaria usoni. Akanigeukia. Macho yake yaliniambia waziwazi nifunge rejista, na yalikuwa macho ya mkubwa wangu wa kazi. Lakini nilikuwa nimeshasema hakuna kwa wanawake wawili, na nilikuwa nimechoka kuwa wa mihuri.

"Tarehe tatu mwezi huu," nikasoma. "Ilikabidhiwa kwa Metroni siku hiyohiyo."

Sheria ilikuwa yake, ameileta mwenyewe kutoka chuoni, na wauguzi arobaini walikuwa wanangoja aitii. Akavuta kitabu. Tulisikia kalamu ikiandika: barua ya Muuguzi Adela, imepokelewa tarehe tatu, huduma iliyotolewa hakuna, siku ishirini na moja. Akatia sahihi. Kisha akatoa barua mfukoni, akaiidhinisha juu ya goti, akamnyooshea Adela. Monika alikuwa anamtazama, na nadhani alitabasamu.

Adela angeondoka na basi la alfajiri kwenda Mbeya, angefika Dar siku ya mwisho au kabla yake kidogo. Jioni ile alikuja dirishani akiwa na kitabu cha ripoti na nakala ya ukurasa ule, ametoka kuipiga fotokopi mjini.

"Shikamoo Mzee Leonidas. Nigongee muhuri hapa, uonyeshe ni nakala halisi."

"Marahaba. Ya nini, mwanangu? Barua si umeshapata?"

"Ya kurudi nayo," akasema, akatoa kwenye mkoba kipande cha nailoni.

Nikagonga muhuri, na tarehe yake ikasomeka vizuri. Mimi nastaafu mwakani. Inaniuma, maana ningependa sana kuwepo atakaporudi.