Kaseti ya Viini Iliyokwenda Harusini Mata

Nilikwenda Mata kwa sababu dada yangu ni msafi kupita kiasi. Watu husafiri kutembea, kuzika au kuoa. Mimi nilitoka Voi Ijumaa moja ya miaka ya tisini, kandambili miguuni, kuifukuza kaseti.

Kaseti yenyewe ilikuwa ile ndogo ya milimita nane, inayotiwa kwenye kamera za video za mkononi. Sisi tuliokuwa tukisomea fizikia ng'ambo tulihifadhi matokeo ya majaribio katika kaseti za umbo hilohilo, maana kompyuta zetu hazikuwa na tumbo la kuyameza yote. Ndani ya hiyo yangu mlikuwa na siku tano, usiku na mchana, za kupima viini vya atomu vinavyozunguka kwa kasi. Unakirusha kiini kimoja kikagonge kingine kwenye karatasi nyembamba ya madini. Vikishikana, kinazaliwa kiini kipya kinachozunguka kama kichaa. Ili kitulie, hutoa miale ya gama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeshuka ngazi, na kila mwale hutuambia ukubwa wa kidato kimoja. Kazi yetu ni kuizungushia sehemu hiyo fuwele za germaniamu zilizopozwa kwa naitrojeni, tuidake miale inapotoka.

Nakala ya pili ilitafunwa na mashine. Bila kaseti hii sikuwa na shahada, na zamu ya kutumia mtambo ule hupewi mara mbili kwa kulia lia. Kwa hiyo sikuiamini droo ya ofisi. Nilivuka nayo bahari hadi kwetu Voi, ikakae mahali salama.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Voi. Dada yangu Zuhura ana duka la redio, betri na kaseti karibu na stendi, na kila asubuhi hufuta bidhaa zote vumbi jekundu la mji wetu kabla ya kufungua mlango. Nilikuwa nimemletea kaseti tupu kadhaa auze. Yangu niliiweka kwenye mfuko uleule. Ndiyo, najua.

"Zuhura, i wapi ile kaseti yangu yenye kikaratasi cha penseli?"

"Ile chafu? N'lisugua kile kikaratasi kwa mafuta ya taa, kikatoka. Ikang'ara kama mpya. N'shaiuza."

"Kwa nani?"

"Mwakio, mpiga video wa Mwatate. Kachukua yako na nyengine moja. Ana harusi kesho."

"Dada, ile ni miaka minne ya maisha yangu!"

"Sasa kaka, miaka minne ya maisha waitia kwenye mfuko mmoja na bidhaa za watu?"

Zuhura alinipa kaseti mpya ya kubadilishana, akaniambia nivae viatu. Sikumsikia. Nilikuwa nimeshadandia pikapu ya jirani yetu muuza misumari, iliyokuwa inapeleka mabati Mwatate.

Saa tano, Mwatate. Studio ya Mwakio ilikuwa imefungwa. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa barazani pale nje akishona sare za shule, pini tatu mdomoni. Aliniambia bila kuzitoa kwamba mumewe amepanda Wusi kurekodi kwaya, na kesho asubuhi atakuwa Mata kwa harusi.

"Ameenda na kaseti ngapi, mama?"

"Mbili."

"Na kwaya atairekodi kwa ipi?"

Alinitazama tangu kichwani hadi kwenye kandambili. "Mimi najua mambo ya vifungo," akasema.

Nilikaa kwenye ngazi za studio nikapiga hesabu. Mwakio alikuwa na kaseti mbili na kazi mbili. Moja ya kazi hizo ingefuta viini vyangu vyote, na sikujua ni ipi. Niliinama nikashika kichwa kwa mikono miwili, na mkewe akadhani ni njaa akanipa muhindi.

Saa tisa alasiri, Wusi. Nilipanda mlima na gari la mboga lililokuwa linarudi tupu, kisha nikamalizia kwa miguu katikati ya mashamba, kandambili moja ikikatika kwenye kila kona. Mwakio alikuwa ameshateremka kwa pikipiki. Kwaya ilikuwa bado uani kanisani, imevaa majoho, haitaki kuyavua. Mama Saru, mwimbaji wao wa sauti ya kwanza, mama mnene mcheshi, ndiye aliyenipokea.

"Ametupiga vizuri sana. Ametuonyesha hata kwa hiyo kioo kidogo, tulikuwa ndani tukiimba!"

"Kaseti aliyotumia ilikuwaje, mama? Ilikuwa inang'aa?"

"Zote zilikuwa zinang'aa."

Nilimlaani Zuhura kimoyomoyo, yeye na mafuta yake ya taa. Kwaya nzima ilinizunguka ikitaka kujua kaseti yangu ina filamu gani. Nikawaambia ni ya viini vya atomu.

"Nani anacheza?" akauliza mwanamume mmoja wa sauti ya nne.

"Hakuna mtu. Ni viini tu, vinazunguka."

"Vinazunguka tu? Hakuna kupigana?"

"Vinagongana mwanzoni."

"Ah, basi iko sawa," akasema, na wenzake wakakubaliana naye.

Hapakuwa na gari la kuteremka tena siku ile, kwa hiyo Mama Saru akanikaribisha kwake. Jioni alipokuwa akipika, aliniuliza ni nini hasa nilichokwenda kutafuta huko ng'ambo. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha elimu yangu. Nikaomba mayai mawili, moja lililochemshwa na jingine bichi, nikayazungusha mezani. Lililoiva likazunguka vizuri, bichi likajivutavuta.

"Umeona, mama? Kiini cha atomu kinapozunguka polepole kinafanana na hili bichi, ndani hakijashikana. Ukikizungusha kwa nguvu sana kinabadilika, kinakuwa kama hili lililoiva. Sisi tunajua kwa kuangalia miale yake, bila kukipasua."

Mama Saru akayachukua mayai, akayazungusha yeye mwenyewe kwa vidole viwili, yakazunguka kuliko yangu.

"Kila mtu anajua hiyo," akasema. "Ni hivyo tunajuanga yai gani imeiva. Na hiyo ndiyo umesomea miaka ngapi?"

"Minne, mama."

"Pole, kijana wangu," akasema kwa huruma ya kweli, akanimenyea lile lililoiva.

Jumamosi, alfajiri. Nilishuka Mwatate, na hapo nikapata lori linalokwenda Taveta kununua ndizi. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache, ila baada ya Maktau aliniuliza ninakimbilia nini. Nilipomweleza, alifikiri kwa kilomita kadhaa, kisha akasema angekuwa yeye angeandika kwa kalamu ya wino. Niligeukia dirisha nikahesabu miti mpaka Taveta.

Kutoka Taveta nilipanda trekta lililobeba viti vya harusi hiyohiyo, na nikadhani bahati imenigeukia, maana harusi haianzi bila viti. Nilikosea. Dereva wa trekta aliniambia kanisa lina mabenchi yake, ibada imekwisha tangu asubuhi, na viti hivi ni vya kulia tu. Nilikaa juu ya viti sabini nikiwaza kwaya, nikiwaza harusi, na nikimwomba Mungu kwamba ile ya Wusi ndiyo iliyokuwa yangu, maana kwaya ni fupi kuliko harusi na huenda kipande kingebaki, halafu nikimwomba isiwe.

Saa nane mchana, Mata. Pilau ilikuwa imeshagawanywa. Bibi harusi, Wakesho, alikuwa ameketi na bwana harusi wake chini ya turubai, shela limekunjwa begani lisiingie kwenye mchuzi. Mwakio nilimtambua kwa kamera. Alikuwa akizunguka meza kwa meza, jicho moja limefumba, na kila alipofika watu waliacha kutafuna wakatabasamu.

Nilimvuta nyuma ya migomba, nikajitambulisha kuwa mimi ni kaka yake Zuhura wa Voi. Badala ya kushangaa, karibu anikumbatie.

"Bwana, Mungu amekuleta. Hii kaseti ya dada yako ni mbovu! Ile ya Wusi ilishika vizuri, lakini hii, kuna alama inawakawaka tu. Nikadhani ni betri. Nimebadilisha betri tatu."

"Kwa hiyo umerekodi nini?"

Akaangalia kushoto na kulia. "Sijarekodi kitu. Tangu asubuhi naigiza. Ningesema nini, na mchungaji amenipungia mkono nianze?"

Niliipokea kamera, nikaitoa kaseti, nikaigeuza. Mgongoni ina kifuniko kidogo chekundu. Ukikisukuma upande mmoja, kaseti inakataa kuandikwa juu yake. Siku jaribio letu lilipoisha nilikisukuma kwa mazoea tu, kisha nikasahau kabisa. Mwakio hakukitazama kwa sababu kaseti mpya ya dukani huja ikiwa tayari kuandikwa.

Furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Niliruka juu, nikapiga kelele, na hapa ndipo nilipokosea:

"Haijarekodi! Haijarekodi hata kidogo!"

Vijiko vikasimama. Turubai zima likanigeukia.

"Nini haijarekodi?" akauliza Wakesho, sauti yake ikipanda kila neno.

Mwakio akanyoosha kidole kwangu. "Huyu ndiye mwenye kaseti," akasema, na akarudi nyuma hatua tatu.

Nilijieleza. Niliwaeleza viini, miale, fuwele, mafuta ya taa. Nadhani nilitaja hata yai. Wakesho alinisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga, kisha akasema, "Yaani vitu vyako vya kuzunguka vimebaki, na harusi yangu imepotea?"

Hapo furaha yangu ikanyauka. Nikatoa ile kaseti mpya mfukoni na kusema jambo pekee lililonijia, ambalo husemwa kila siku kwenye maabara: "Turudie."

Mchungaji alikataa kwanza. Alisema watu hawa wameshaoana mbele ya Mungu na yeye hawezi kumsumbua Mungu mara mbili kwa kosa la kaseti. Baada ya kushauriana na sahani ya pili ya pilau, akakubali kuyasoma maneno yote, ila amina hatasema. Basi tukarudi kanisani, tumeshiba, tukitembea polepole. Bwana harusi alikuwa ameshavua viatu vilivyombana na havikuingia tena, ikabidi Mwakio ampige video kuanzia magotini kwenda juu. Mjomba wa bibi harusi alikuwa ameshaondoka na ng'ombe wake, kwa hiyo mimi nikaketishwa mahali pake, benchi la mbele, nimeazimwa koti, miguu nimeificha.

Kila kitu kilikwenda sawa isipokuwa mama mzazi wa bibi harusi. Asubuhi, walisema, alilia mpaka shela la binti yake likalowa. Sasa kila akimtazama mchungaji akiruka amina, alicheka.

"Mama, lia kidogo tu!" Mwakio akamnong'oneza kutoka nyuma ya kamera.

"Siwezi, baba. Nimeshiba."

Mimi wakati ule niliuweka mkono kifuani, kwenye mfuko wa shati, nikaishika kaseti yangu. Siku tano za miale, zote zimo. Miaka minne, imo. Nikamwona na Wakesho akicheka na mumewe kwa kiapo cha pili. Nililia. Nililia kwa sauti, mabega yakinitetemeka, leso sina, na Mwakio, aliyekuwa akitafuta mtu wa kulia, akaigeuza kamera yote kwangu na akaisogeza karibu.

Jumapili nilirudi Voi kwa njia niliyokwenda. Ng'ambo kaseti ilisomeka bila tatizo, mistari ya miale imejipanga kwenye mchoro kama nguzo za ua, na shahada nikaipata. Nimejifunza kuandika kwa wino. Nimejifunza pia kwamba kitu nilichokifukuza milima na tambarare kilikuwa salama muda wote, na madhara yote niliyafanya mimi kwa kukitia kwenye mfuko wa bidhaa.

Video ya harusi ile ilipendwa sana Mata. Wakesho huwawekea wageni, na wote husogelea televisheni inapofika pale kwenye benchi la mbele, mwanamume asiyejulikana, koti si lake, analia kuliko mama wa bibi harusi. Huuliza kama huyo alikuwa mchumba wake wa zamani. Wakesho huwajibu kwa ukweli kwamba ni mtu wa Voi aliyekuwa akifurahia viini vya atomu. Mumewe ameniambia hakuna hata mgeni mmoja aliyewahi kumwamini, na kwamba siku hizi hata yeye mwenyewe ameanza kuwa na mashaka.