Neno Lililotaka Kumkatia Mama Maji

Mwanangu, hebu weka simu kando kidogo. Nakumbuka kiangazi kimoja kule Kibirichia, miaka michache baada ya Uhuru. Viazi vilikuwa vinanyauka shambani na maji ya mfereji tulikuwa tunapewa kwa zamu. Siku ya zamu ya jirani, Mama akayafungua yakaingia kwetu.

Tukaitwa kwenye kikao cha wanaotumia mfereji. Katibu wa mfereji, mwalimu kijana aliyependa Kiingereza kuliko uji, akatusomea barua aliyotaka kuipeleka ofisi ya maji. Ilisema Mama ame-contravene kanuni za mfereji, kwa hivyo akatiwe maji kabisa. Wengi hawakulijua neno hilo, ila kwa vile alivyolitamka, watu wakaanza kumtazama Mama kama mwizi. Kukatiwa maji kiangazi kile kulikuwa ni kukatiwa chakula. Niliogopa sana, sikufichi.

Mwenyekiti, Mzee Mugambi, akaniita mbele kwa sababu nilikuwa sekondari, akataka nieleze maana yake. Nikamwambia ni kukiuka, yaani kutenda kinyume na sheria au amri, na kwamba ni neno la ofisini na kortini, nyumbani hatulitumii.

"Linasema aliiba?"

"Hapana, Mzee. Linasema tu sheria ilikiukwa. Kwa nini, halisemi."

Akamgeukia Mama. Mama hakuzungukazunguka, alikubali kwamba aliyafungua, akasema viazi vile ndivyo chakula pekee walichobakiwa nacho watoto. Mzee akamwambia katibu:

"Tulikubaliana hapa hapa. Anayechukua zamu ya mwenzake humpa yake, na husafisha mfereji. Kukata maji hatukusema. Ukimkatia, mwalimu, wewe ndiwe utakayekuwa umeikiuka sheria."

Katibu akaikunja barua yake. Mama alitoa zamu yake, na viazi vingine vikatufia kweli. Tulipoenda kusafisha mfereji, jirani naye akaja na jembe lake.

Sasa wewe umepata kazi ya ofisi pale mjini Meru, na maneno kama hayo utayaandika kila wiki. Yaandike, mwanangu, aliyekosa usimfiche. Lakini kwanza onyesha ni sheria gani, sikiliza ni kwa nini, na adhabu usiizidishe hata kidogo.

Mungu akulinde katika kiti hicho, akupe masikio ya kusikiliza. Na atakayetoka mbele yako akiwa na makosa, atoke bado ni mama wa mtu.