Kitasa cha Mzee Ambindwile

Mteja akija dukani kwangu kutafuta kitasa cha mlango wa mbele, namuuliza mambo mawili tu: mlango ni wa mbao gani, na unafungukia ndani au nje. Akishajibu, kazi imekwisha. Mzee Ambindwile alijibu vizuri kabisa. Mlango ni wa mninga wa Chunya, unafungukia ndani. Baada ya hapo akaanza kunitoa jasho.

Duka letu lilikuwa Bulyaga, huko Rungwe, chumba kimoja chenye kaunta ya mbao. Mume wangu Zuber alikuwa akisafiri kufuata mali Mbeya na Tunduma, mara nyingine mpaka Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyekaa dukani. Ilikuwa miaka ile mambo yamefunguliwa, kila kitu ruksa. Kabla ya hapo mtu akitaka kitasa alikwenda duka la ushirika, akaambiwa hakuna, akarudi nyumbani akachonga komeo la mti na maisha yakaendelea. Sasa vitu vilikuwa vimemwagika. Vitasa vya Dubai, vya Taiwani, vya Uingereza. Vya mkono mrefu, vya kuzungusha kama unakamua limau, vya rangi ya dhahabu ambayo ukiikwaruza kidogo inakuja yote na kucha. Watu walisimama mbele ya rafu zangu wakakosa la kusema. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevijua juzi tu, ila nilijifanya nimezaliwa navyo.

Mzee Ambindwile alikuwa mkulima wa Matwebe. Ujana wake aliumalizia migodini Afrika Kusini, kama wanaume wengi wa rika lake, akarudi na koti zito na sanduku la bati. Akaoa, akapanda migomba na chai, akamzika mke wake Esnath, na sasa macho nayo yalikuwa yanamwacha. Mtoto aliyebaki naye ni Lazaro. Huyo Lazaro alikuwa amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, hapohapo karibu na kibanda cha baba yake, na alitaka mzee ahamie. Kila mpita njia alijua kwa nini. Kibanda kilikuwa kinavuja, na mvua za Rungwe haziombi ruhusa. Tena mzee alikuwa ameangukia mafiga yenye moto, akaungua mkono mpaka kwenye kiwiko. Akianguka tena peke yake mle ndani, ndio basi.

"Nitahamia," aliniambia siku ya kwanza, kwa lafudhi yake inayogeuza z kuwa s, amekwisha kukaa juu ya mfuko wa saruji bila kukaribishwa. "Nimemwambia Lasalo. Lakini kitasa cha mlango wa mbele nachagua mimi. Nisipokipata, sihami. Nitafia mlemle kwangu."

Nikasema huyu ni mteja mwepesi, anajua anachotaka. Nikamshushia kile cha Uingereza, fahari ya duka. Akakipima uzito kiganjani, akaupapasa mkono wa kitasa kwa kidole gumba, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Halafu akanigeuzia mgongo.

"Fungua, mama. Funga. Fungua tena."

Nikafungua, nikafunga, naongea na mgongo wa koti. Kitasa kilikwenda laini, hata mimi sikukisikia. Mzee akageuka, uso umemshuka.

"Kisuri," akasema. "Lakini hakisemi."

"Mzee wangu, kitasa kiseme nini? Kitasa kinafunga."

Akaomba kingine, na kingine, mpaka kaunta ikajaa. Vyote aliviona vizuri na vyote havisemi. Akashukuru kwa adabu, "ndaga, mama," akachukua fimbo yake akaondoka, akaniacha na kazi ya kurudisha vitu kwenye maboksi. Nikadhani ni uziwi. Lakini mtu huyu alikuwa anasikia mpaka minong'ono yangu ya kumsengenya, maana aliwahi kunijibu.

Akarudi. Safari hii akataka nivuke barabara, nisimame kule kwenye bomba la maji, yeye abaki kwenye kaunta anatingisha vitasa. Nikisikia ninyooshe mkono. Naapa nilikwenda. Mke wa mtu, mama wa watoto, nimesimama bombani na ndoo za watu natega sikio, na wanawake wa foleni ya maji wananiuliza kulikoni Mama Shadya. Ningewaambia nini? Mimi mwenyewe sikuwa najua. Nilirudi dukani nimevimba kwa hasira.

"Baba, unaogopa wezi?"

"Mwisi aibe nini kwangu, mkungu wa ndisi?"

Nikamwonyesha kengele ndogo ya mlangoni, ya kubonyeza. Nikasema hii itapiga kelele mpaka uombe inyamaze. Akaigusa, akairudisha. "Kengele inamwita mtu aje. Mimi sitaki kumwita mtu."

"Basi si upige hodi tu kama binadamu wengine?"

Akanitazama kama nimemtukana mbele ya watu. "Hodi," akasema polepole. "Hodi kwa nani?" Akaondoka bila kuaga, na hilo halikuwa kawaida yake.

Siku hizo sikulala vizuri. Mtu anataka mlango upige kelele lakini usimwite mtu. Anataka asikike lakini hataki kujibiwa. Nilimweleza Zuber aliporudi, akacheka, akasema wazee wana mambo yao, akala akalala. Na mvua ilikuwa imeshaanza. Kila nikiisikia juu ya bati letu namfikiria yule mzee na kile kibanda, nakasirika, halafu namhurumia, halafu nakasirika tena.

Kilichomaliza kesi ni takataka. Chini ya kaunta kulikuwa na boksi la vyuma chakavu ambavyo Zuber aling'oa kwenye nyumba moja ya zamani iliyobomolewa. Mzee alipokuja tena, nikiwa nimechoka kabisa, nikamsukumia boksi zima kwa mguu. "Chagua humo, baba, mimi nimeishiwa." Akachakura kwa vidole, akatoa kitasa cheusi cha chuma, kizito, kimeshika kutu mpaka kwenye tundu la ufunguo. Akaukandamiza mkono wa kitasa. Kilipiga ukelele mbaya, kiliunguruma na kugonga kwa ndani, mpaka fundi cherehani wa jirani akachungulia. Mzee akatabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Huyu anasema," akaniambia.

Niliona haya kumuuzia. Nikamfungia kwenye gazeti na skrubu mpya za bure, nikamwombea heri ya kuhama, nikamshukuru Mungu yamekwisha.

Hayakwisha. Haukupita muda mrefu Lazaro akaingia dukani amelowa, akakiweka kile kitasa juu ya kaunta kwa kishindo.

"Shikamoo, Mama Shadya. Umetuuzia balaa."

"Marahaba. Balaa gani tena?"

"Chukua kitasa chako, unipe kingine. Baba amehamia asubuhi, mchana amerudi kibandani. Mke wangu ameondoka na mtoto, yuko kwao Isongole."

Nikamwambia akae aeleze taratibu. Alikifunga mwenyewe, akasema, na kilikuwa kinalia vibaya mno. Akaona aibu. Nyumba mpya, watu wa usharika wanakuja kusali, mlango unalia namna ile? Akakipaka grisi mpaka ndani, kikanyamaza kabisa. Baba akahamia. Akatoka kuota jua kidogo lililojitokeza, akarudi, akafungua mlango. Tulia, mke wa Lazaro, alikuwa sebuleni ananyonyesha, kanga iko kiunoni. Wakakutana uso kwa uso.

"Nimemwambia baba ni bahati mbaya tu, siku nyingine apige hodi. Akaniambia niondoke mbele yake. Sielewi, Mama Shadya. Kama ni kitasa, nipe kingine."

"Kingine cha namna gani?"

"Sijui," akasema, na akaanza kulia, mwanamume mzima.

Mimi ni mtu wa Tabora. Kwamba huku mkwe wa kike hakutani na baba wa mumewe nilikuwa nimesikia, wenyewe wanaita ukutila, lakini nilidhani ni mambo yaliyokwisha na bibi zao. Lazaro anaimba kwaya. Tulia nilimwona sokoni anauza viazi, ana maneno kuliko mimi. Nilishindwa kuunganisha kitasa na mkwe na grisi. Nikafunga duka, nikachukua bisibisi na kile kitasa, tukadandia pikapu ya ndizi mpaka Matwebe.

Mzee alikuwa kibandani, maji yanadondoka kwenye sufuria pembeni yake. Nikamwamkia. Nikamwambia Lazaro ndiye aliyekipaka grisi, kwa kuona aibu ya kelele.

"Ni Lasalo?" akauliza. "Nilidhani wamekubaliana, wamenichoka, ndio maana wamekinyamasisha."

"Hapana, baba. Ni ujinga wa kijana wako." Lazaro alikuwa mlangoni, akainamisha kichwa. "Lakini na mimi nieleze, maana kichwa kinaniuma. Kwa nini usipige hodi?"

"Mama, hodi inataka karibu. Mwanangu yuko shambani, ndani yupo mke wake peke yake. Nikipiga hodi, ajibu nani? Akinijibu, amesema na mimi, na hilo kwetu haliwesekani. Akinyamasa, amemnyima msee karibu. Nikikohoa ni hodi ileile. Kengele ni hodi ileile. Kitasa hakimwulizi mtu kitu. Kinapiga kelele tu, kama mlango wa watu wote, naye anasikia, anaondoka."

Nikakaa chini nimsikilize.

"Tangu aje hapa namsikia akinikimbia," akaendelea. "Njiani, kwenye chai, mtoni. Sioni sawasawa, lakini miguu yake naijua. Siku moja alikuwa na mimba, akanikimbia na ndoo kichwani, akaanguka. Mimba ile haikukaa. Hakuna aliyenilaumu, hata yeye. Nilitaka mkwe huyu asikie mapema ndani ya nyumba yake, aondoke kwa kutembea. Basi. Na mimi ndiye niliyeingia kwake kama mwisi."

Lazaro alikuwa amekaa chini kwenye tope. Hakuwahi kuambiwa hilo na baba yake, maana baba hawezi kuzungumza na mwanawe habari za mke wake namna ile. Labda aliniambia mimi kwa sababu mimi ni mtu wa kuja. Nilitamani kumpiga Lazaro na nilitamani kumkumbatia, nikachukua bisibisi.

Nikakifungua kitasa kile chote. Nikakiosha kwa mafuta ya taa, nikakisugua kwa sabuni mpaka grisi ikatoka, kisha nikachota majivu kwenye mafiga ya mzee na kuyamimina ndani. Zuber angeniona angedhani nimerukwa na akili. Sisi ndio tunaouza grisi. Nilipokirudisha kwenye mlango wa Lazaro na kuukandamiza mkono, kuku wa jirani walitawanyika.

Kesho yake mapema nilikwenda Isongole na Lazaro, kwa wazazi wa Tulia. Alinisikiliza huku anamenya viazi, hanitazami.

"Kwa hiyo hakuja kimya makusudi?" akauliza.

"Hapana. Ni grisi ya mume wako."

"Na kitasa kibovu kile, ni yeye aliyekichagua?"

"Alinisimamisha bombani, mwanangu, kwa ajili ya kitasa hicho. Anasema hataki ukimbie tena. Anasema habari ya ndoo."

Kisu kikasimama kwenye kiazi. Tulia akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akaenda kumfunga mtoto mgongoni.

Tuliingia Matwebe mvua inanyesha. Tulia akapita nyuma, kwenye mlango wa jikoni, bila kuonekana. Nikasikia anashusha sufuria, anamtuliza mtoto, kisha anapita sebuleni kufagia, kwa kuwa nyumba ilikuwa imelala bila kufagiwa. Mimi nikaenda kibandani kumchukua mzee. Alikataa mara ya kwanza. Alisema amezeeka, hataki kuvunja nyumba ya mwanawe mara mbili. Nikamwambia nimefunga duka kwa ajili yake na wateja wangu wanahamia kwa wengine, kwa hiyo asinitanie. Akainuka.

Nilimshika mkono wenye kovu mpaka barazani. Ndani ufagio ulikuwa unasikika, shaa, shaa, karibu kabisa na mlango. Mzee alisikia. Akataka kurudi, na mimi nikawa najiuliza majivu yatakubali au hayatakubali. Nikauweka mkono wake juu ya kitasa, nikauachia.

Akakandamiza. Kelele iliyotoka sijawahi kuisikia kwenye chuma. Ufagio ukanyamaza. Mzee hakusukuma mlango. Alisimama ameinamisha kichwa, akasikiliza, na mimi nikasikiliza naye. Ufagio uliegemezwa ukutani. Kisha miguu ikavuka sebule, ikapita ukumbini, ikaingia jikoni, na mlango wa ndani ukarudishwa kwa utulivu.

"Umesikia, mama?" mzee akaniuliza, machozi yanamtoka waziwazi. "Ametembea."

Akasukuma mlango, akaingia nyumbani.