Nafasi kati ya Paluku na Kasereka

Leo nilikuja kugombana na ndugu yangu mudogo, nikajikuta nalia mbele ya ukuta yake.

Tulitoka Beni juzi, miye na binti yangu Kahindo, miaka munane. Tuko kwa tonton yake, ule ndugu yangu, hapa Butembo. Tonton anapakaka rangi ku bibao ya maduka. Tangu tufike, mutoto anamufuata na pinceau, burashi ya rangi, mukononi. Miye hata hanioni tena.

Asubui nakuta robe yake, nguo ya misa, imejaa rangi ya buluu. Mais voyons!

Nikatoka inje ku parcelle, ku kiwanja ya nyumba, mukali kabisa. Kumbe banachora batoto yangu ku ukuta: Paluku, kisha nafasi tupu, kisha Kasereka, kisha yeye Kahindo.

Nikauliza: "Hapa mbona muliruka?"

Kahindo akasema: "Mama, Paluku ni ya kwanza, Kasereka ni ya tatu. Ya pili ni Kambale. Iko wapi?"

(Kwetu Banande jina inahesabu batoto vile banazaliwa. Hauwezi kuficha mutoto.)

Kambale aliishi siku tisa, mbele Kahindo azaliwe. Sikumutajaka hata siku moja. Foto hakuna.

Nikamuangalia ndugu yangu. Akasema pole pole: "Yaya, dada yangu, miye sikumuonaka. Ni weye tu unajua sura yake."

Kahindo akachovya pinceau ku rangi, akaningojea.

Bamama wenzangu, mungejibu nini?

Miye nilisema: "Anzia ku masikio. Ilikuwa kubwa, kama ya papa yenu."